Sauti hii ni ya nani? Mhusika, mtindo na namna riwaya inavyomnasa msomaji

Mwezi Januari 1857 Gustave Flaubert alipandishwa kizimbani mjini Paris kwa sababu ya riwaya. Kitabu chenyewe, Madame Bovary, kilikuwa kimetoka kwa mfululizo katika jarida moja mwaka uliotangulia, na serikali ilidai kinachafua maadili ya umma na dini. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, aliwasomea mahakimu kifungu ambacho Emma Bovary, mke wa mtu, anajitazama kwenye kioo baada ya kulala kwa mara ya kwanza na mwanamume asiye mumewe. Anajiona amependeza kuliko siku zote. Anaona sasa anaingia katika jambo la ajabu, lililojaa mapenzi matupu. Pinard aliyachukua maneno hayo kuwa ni mwandishi mwenyewe anayeisifu zinaa. Kisha akauliza: katika kitabu kizima, ni nani anayemhukumu mwanamke huyu? Akajijibu kwamba hakuna.

Hapo alisema kweli. Flaubert aliachiwa mwezi uliofuata, lakini swali la Pinard liligusa mshipa wenyewe wa sanaa ya riwaya. Furaha ile haikuwa maoni ya Flaubert, na sehemu kubwa yake haikuwekwa ndani ya alama za kunukuu kana kwamba Emma anazungumza. Yalikuwa mawazo ya Emma yanayosemwa kwa kinywa cha msimulizi, bila yeyote kututangazia kwamba tumeshaingia kichwani mwake.

Mbinu hiyo inaonekana vizuri zaidi kwa mfano mdogo. Tuseme yupo mhusika anaitwa Rehema, na tunataka msomaji ajue hofu yake. Tunaweza kuandika:

Rehema aliwaza, "Nimechelewa, na hakuna atakayenisamehe."

Au:

Rehema aliwaza kwamba alikuwa amechelewa na kwamba hakuna ambaye angemsamehe.

Au:

Rehema aliitazama saa. Amechelewa. Na nani wa kumsamehe sasa?

Habari ni ileile mara zote tatu. Katika sentensi ya kwanza tunamsikiliza Rehema tukiwa nje yake. Katika ya pili msimulizi anatuletea taarifa, kama karani anayesoma kumbukumbu za kikao. Katika ya tatu hakuna "aliwaza" wala alama za kunukuu, na bado swali la mwisho si la msimulizi, maana msimulizi hana haja ya kusamehewa. Ni la Rehema. Kiambishi kimebaki cha nafsi ya tatu, lakini pumzi ni yake. Tazama pia kilichotokea kwenye wakati: "alikuwa amechelewa" imekuwa "amechelewa" tu. Ule umbali wa jana umeondolewa, na msomaji amejikuta amesimama na Rehema mbele ya saa ileile.

Nimeanza hapa kwa makusudi. Tunapoeleza kwa nini riwaya fulani imetushika, huwa tunagawa mambo mafungu mawili: wahusika huku, mtindo kule. Vitabu vya uhakiki navyo hufanya hivyo. Fani inachambuliwa kipengele kwa kipengele, wahusika wanapewa sura yao, matumizi ya lugha yanapewa sura yake, na tashbihi zinahesabiwa. Mgawanyo huo unasaidia kujibu mtihani, lakini naona unaficha jambo kubwa. Mhusika wa riwaya hana mwili. Hana uso isipokuwa uso uliosemwa, hana sauti isipokuwa mpangilio wa maneno. Kumjua kwetu kote kunapitia kwenye sentensi, kwa hiyo namna sentensi ilivyojengwa ndiyo inayoamua tusimame wapi tukimtazama: mbali kama wapita njia, ubavuni mwake kama rafiki, au ndani ya fuvu la kichwa chake tukiona aibu zake zote. Mwandishi hodari ni bingwa wa kupanga umbali huo.

Nafsi na umbali

Njia inayojulikana sana ya kumsogeza msomaji ni nafsi ya kwanza. Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi alimwachia kijana msomi, Kazimoto, asimulie mwenyewe. Hatupewi dirisha jingine. Kazimoto akiwa na kinyongo, dunia nzima ina kinyongo. Akikata tamaa, hakuna msimulizi wa pembeni wa kutuambia kwamba kuna upande wa pili. Msomaji anaweza kukataa fikra zake, lakini hana pa kusimama nje yake.

Hata hivyo "mimi" si ufunguo wa kila mlango. Fyodor Dostoevsky alipoanza kuandika habari za Raskolnikov, mwanafunzi anayemuua kwa shoka kikongwe mkopeshaji, alitumia nafsi ya kwanza: muuaji anaungama. Mwishoni mwa 1865 akaichoma rasimu na kuanza upya kwa nafsi ya tatu. Riwaya ikaanza kutoka mwaka 1866. Nadhani sababu inaonekana kwenye kitabu chenyewe. Mtu anayeungama tayari anajua alichokifanya na amekipa maana, hata kama ni maana ya uongo. Dostoevsky alihitaji mtu asiyejielewa. Kwa hiyo aliweka msimulizi anayemfuata Raskolnikov kama kivuli, anayesikia kila pigo la moyo wake, lakini anayeweza pia kuuona mkono ukitetemeka wakati mwenye mkono anajidanganya kwamba ametulia.

Kuna pia msimulizi asiyeaminika, jina ambalo mhakiki wa Marekani Wayne Booth alilitia nguvu katika kitabu chake cha 1961 kuhusu sanaa ya usimulizi. Msimulizi huyu anatueleza mambo, na taratibu tunaanza kushuku kwamba ama anatuficha, ama anajificha mwenyewe. Raha yake ni ya pekee: msomaji anasoma hadithi mbili kwa wakati mmoja, ile inayosimuliwa na ile inayovuja. Mbinu hii inadai nidhamu kubwa. Mwandishi akimdanganya msomaji bila kumwachia hata alama moja ya kurudia, mwishoni msomaji anahisi ameibiwa, na haki iko upande wake.

Si lazima mtu awe mwema

Swali ninalolisikia mara kwa mara kwa wanaoanza kuandika ni hili: nifanyeje msomaji ampende mhusika wangu? Nafikiri ni swali lililoelekezwa pasipo pake. Hatushikwi na wema. Raskolnikov ameua, na mamilioni ya watu wamekesha wakimhofia asikamatwe. Kinachotushika ni mtu anayetaka kitu kwa dhati na ambaye ndani yake kuna ufa.

Ufa ninaousema ni ile nafasi kati ya mtu anavyojieleza na anavyotenda. Chukua mzee mmoja, tumwite Idi. Anawaambia wote kwamba alishamsamehe ndugu yake. Halafu tunaona amehifadhi barua ya ugomvi wao miaka 11, ndani ya bahasha safi, kwenye mtoto wa meza ambao humruhusu mtu yeyote kuufungua. Mwandishi akiandika, "Mzee Idi hakuwa amemsamehe ndugu yake kwa kweli," kazi imekwisha na msomaji hana la kufanya. Akituonyesha Idi akibadilisha bahasha kwa sababu ile ya zamani imechakaa, basi, tumepewa mtu. Tunaanza kuuliza wenyewe: anaitunza kwa chuki, au ndicho kitu pekee alichobaki nacho chenye mwandiko wa ndugu yake? Yawezekana yote mawili. Idi mwenyewe huenda hajui.

Mwingereza E. M. Forster, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1927, ndiye aliyetuachia mgawanyo ambao kwa Kiswahili tunauita wahusika bapa na wahusika duara. Bapa amejengwa juu ya sifa moja. Duara ana pande nyingi. Tunalikumbuka gawio hilo na kusahau kipimo alichokiweka: mhusika duara ni yule anayeweza kutushangaza kwa namna tunayoiamini. Asipotushangaza kamwe, ni bapa. Akitushangaza tusimwamini, ni bapa anayejifanya duara. Kipimo hicho kina masharti mawili, na ugumu wote uko katika kuyatimiza kwa pamoja. Siku Idi atakapoichana ile barua, ni lazima tushtuke, na papo hapo tuone kwamba tangu ile bahasha mpya jambo hili lilikuwa njiani.

Lakini nisiwaonee wahusika bapa. Forster mwenyewe aliwatetea, kwa kuwa wanatambulika upesi na wanakaa kwenye kumbukumbu. Shaaban Robert katika Kusadikika (1951) aliwapa watu wake majina kama Karama na Majivuno, na hakukusudia tuchimbue siri za mioyo yao. Alitaka tuone hoja zikigongana mahakamani, na majina hayo yanamweka msomaji mbali kidogo, mahali pa mtu anayepima. Wapelelezi wa hadithi nao hawabadiliki sana. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeingia kwenye riwaya ya Kiswahili na kiko chake mdomoni katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), anapendwa kwa sababu tunamkuta palepale tulipomwacha. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes kwenye jarida la The Strand Magazine mwezi Desemba 1893, wasomaji walilalamika kama waliofiwa, na mwaka 1903 akamrudisha akiwa hai. Hawakuwa wakililia undani wa nafsi yake. Walililia namna ya kutazama: macho yanayosoma vumbi kwenye kiatu. Huo ni mtindo uliovaa sura ya mtu.

Anachoachiwa msomaji

Katika miaka ya 1970 mwanazuoni wa Ujerumani Wolfgang Iser alieleza kwamba maandishi ya fasihi yana mapengo, na kwamba kusoma ni kuyajaza. Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini maelezo marefu ya sura ya mhusika huchosha. Pua ndefu, macho ya duara, nywele fupi, kimo cha wastani: msomaji anasomewa orodha, hajengi kitu. Lakini ukisema fulani huingia chumbani akianza kutafuta kiti kilicho karibu na mlango, msomaji anajenga mwili mzima, na maisha ya nyuma juu yake.

Kazi hii ya kujenga ndiyo inayozaa mapenzi. Tunamhurumia mhusika kwa sababu sehemu yake ni yetu. Tumemjazia kutoka kwenye maisha yetu. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kusoma kitabu kimoja wakagombana juu ya mhusika kama wanaogombana juu ya jamaa yao. Kila mmoja ana sehemu aliyoichangia.

Wanasaikolojia nao wamelifuatilia jambo hili. Mwaka 2000 Melanie Green na Timothy Brock walichapisha utafiti kuhusu hali ya msomaji "kusafirishwa" ndani ya hadithi, pale mawazo, hisia na picha za akilini zinapoelekea upande mmoja. Wakaonyesha kwamba waliozama zaidi ndio walioelekea zaidi kukubaliana na imani zilizobebwa na hadithi. Mwaka 2013 David Kidd na Emanuele Castano walitangaza katika jarida la Science kwamba kusoma kipande kifupi cha fasihi kunaongeza uwezo wa kutambua hisia za wengine. Baadhi ya watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata matokeo yale. Mimi sishangai. Dakika chache za kusoma ni kidogo mno, na riwaya hufanya kazi yake polepole.

Kiswahili kina nyenzo zake

Mazungumzo mengi kuhusu mtindo yanakopa mifano kutoka lugha nyingine, na hapo tunapitwa na utajiri ulio mikononi mwetu. Tuanze na ngeli. Msimulizi akisema "mtu yule alikuja, akakaa, akacheka," hajatoa hukumu. Akisema "jitu lile lilikuja, likakaa, likacheka," dharau imeingia kwenye nomino, na haikuishia hapo. Imeshuka hadi kwenye kila kitenzi. Akisema "kijitu kile kilikuja, kikakaa, kikacheka," dharau imegeuka kuwa ya namna nyingine, ya kumdogosha. Msomaji anaipokea hukumu kabla hajapata nafasi ya kuijadili. Sasa fikiria riwaya ambayo msimulizi anaanza kumwita jirani yake "jitu lile", na baada ya kurasa 200, bila maelezo yoyote, anaandika "mtu yule". Mabadiliko ya moyo yametokea ndani ya kiambishi.

Kuna pia hili: kiambishi cha nafsi ya tatu hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. "Aliingia bila kubisha hodi, akaizima taa, akasubiri." Nani? Mwandishi wa Kiswahili anaweza kuibakiza siri hiyo kurasa kadhaa, na sentensi zake zisionekane zimelazimishwa hata kidogo. Anayetafsiri kwenda Kiingereza hana budi kuchagua kati ya mwanamume na mwanamke, au ajipindepinde. Katika hadithi ya taharuki, neema hiyo tunayo bure.

Halafu kuna mwendo. "Akainuka, akafunga mlango, akaketi, akalia." Ile -ka- inasukuma tukio juu ya tukio, na msomaji anakimbia pamoja nayo. Geuza: "Huinuka, hufunga mlango, huketi, hulia." Vitendo ni vilevile, lakini sasa si usiku mmoja, ni kila usiku. Huzuni imekuwa desturi. Geuza tena: "Ameinuka. Amefunga mlango. Ameketi. Analia." Sasa tupo chumbani, tunaona. Mwandishi asiyesikia tofauti hizi atatumia -li- kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na msomaji atachoka bila kujua kilichomchosha.

Urefu wa sentensi unaingia hapohapo. Mtu mwenye hofu hawazi kwa sentensi ndefu zilizonyooka. Mtu anayejitetea huongeza vishazi, kila kishazi kikiifunika aibu ya kilichotangulia. Katika mazungumzo ya wahusika, kipimo changu ni kimoja: funika majina, usome kauli tupu. Kama hujui nani amesema nini, wahusika hao bado ni sauti ya mwandishi iliyogawanywa vipande. Kila mtu ana neno analolirudia, jambo asilolitaja kamwe, na namna yake ya kukataa. Mwingine husema "hapana." Mwingine husema "tutaona," na wote waliomzoea wanajua hilo ndilo hapana lake.

Mtindo mwingine unafanya kazi kwa kukigeuza kigeni kile tulichokizoea. Mrusi Viktor Shklovsky aliandika mwaka 1917 kwamba mazoea hutufanya tuache kuona vitu, na kwamba sanaa inatakiwa kuturudishia kuona huko. Mfano wake mmoja ni hadithi ya Leo Tolstoy inayosimuliwa kwa kiasi kikubwa na farasi. Farasi yule hawaelewi binadamu wanaposema "farasi wangu", "ardhi yangu", ilhali wengi wao hawaikanyagi ardhi hiyo wala hawamlishi farasi huyo. Hakuna hotuba dhidi ya umilikaji inayozidi mshangao wa mnyama. Hapa tena mhusika na mtindo hawatenganiki: ukimwondoa farasi, umeondoa lugha, ukiondoa ile lugha ya mshangao, aliyebaki ni farasi tu.

Lakini mtindo unaweza pia kumfukuza msomaji, na ni vyema kulisema waziwazi. Sentensi inayojipamba kwa ajili yake yenyewe inamsimamisha mwandishi mbele ya mhusika, na msomaji anaanza kuona mikono inayovuta nyuzi. Nimewahi kuacha riwaya njiani kwa sababu mtoto wa miaka sita aliyekuwa akiomboleza ndani yake aliwaza kwa tamathali za mshairi aliyekomaa. Huzuni ilikuwa ya kweli, maneno hayakuwa yake. Tamathali nzuri ndani ya riwaya hutoka kwenye dunia ya yule anayetazama: fundi saa ataifananisha kimya na saa iliyosimama, baharia ataifananisha na tanga lililokosa upepo. Tukizisoma tunapata picha, na hapohapo tunamjua mtu.

Turudi kwenye chumba kile cha mahakama. Ili amshtaki Flaubert, Pinard alilazimika kuisoma furaha ya Emma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya mahakimu. Alisimama pale kwa niaba ya serikali, akiwa na hasira za haki kwa maoni yake, na kwa muda wote aliokuwa akisoma, aliyekuwa akizungumza kupitia kinywa chake ni mwanamke mbele ya kioo.